UZI: Mabel Dove, mwandishi wa Gold Coast aliyeandika kwa majina manne

BintiUluguru (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za jioni. Uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo naushusha. Ni mrefu na nitauleta kwa vipande, kwa hiyo mwenye subira avute kiti.

Nianze na kilichonifikisha kwa huyu mama. Niliwahi kuwa mwandishi wa kujitegemea mkoani kwa miaka sita. Wanaoijua kazi hiyo wanajua: unalipwa kwa habari iliyotoka. Isiyotoka, nauli ni yako, vocha ni yako na njaa ni yako. Habari yangu ya kwanza kuingia ukurasa wa mbele ilihusu vijiji vilivyokaukiwa visima. Siku hiyo nilifika stendi alfajiri, muuza magazeti alikuwa bado anakata kamba za marobota. Nikafungua pale pale chini ya taa ya kibanda. Sentensi zilikuwa zangu, hesabu za visima zilikuwa zangu, hata yule bibi aliyenipa maji ya kunywa kwa kata alikuwemo. Juu yake pameandikwa: Na Mwandishi Wetu.

Nilinunua nakala mbili, moja nikampelekea mama. Mama ni mwanafunzi wa elimu ya watu wazima ya enzi za Mwalimu, anasoma polepole kwa kufuatisha kidole. Akapitisha kidole juu mpaka chini, halafu akaniuliza, "Na jina lako liko wapi?"

Tangu hapo nimekuwa nikiwatafuta wanawake walioandika magazetini na majina yao yasionekane. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Mabel Dove wa Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Aliandika zaidi ya miaka ishirini, akawafanya wanaume wa Accra wabishane mabarazani kama kweli ni mwanamke, akamjibu Bernard Shaw, akahariri gazeti la Nkrumah, akafukuzwa, kisha akaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura. Ukimtaja hapa kwetu hata kwa watu wa habari, wengi watakuuliza, ni nani huyo?

Alizaliwa Accra mwaka 1905. Baba yake, Francis Dove, alikuwa wakili mwenye asili ya Freetown, Sierra Leone, mtu mwenye jina kubwa mahakamani. Mama yake, Eva Buckman, alikuwa mfanyabiashara wa hapo hapo Accra. Ukoo huo ulikuwa na vipaji vya kila aina. Dada yake wa baba mmoja, Evelyn Dove, aliimba Ulaya na kwenye redio ya BBC. Kaka yao Frank alikuwa bondia aliyeiwakilisha Uingereza kwenye Olimpiki ya 1920.

Mabel alipelekwa Freetown akiwa mtoto wa miaka sita, akasoma Annie Walsh, shule ya wasichana ya siku nyingi pale. Baadaye akapelekwa Uingereza, shule za watawa na za bweni. Baba alitaka arudi akiwa bibi wa heshima, wa kukaa sebuleni na kupokea wageni. Binti, bila ruhusa ya baba, akajiandikisha kozi ya ukarani: taipu na hati mkato. Baba alipojua alikasirika akamrudisha Freetown.

Hiyo kozi ndiyo iliyomlisha. Freetown hakukaa bure, akasaidia kuanzisha klabu ya kriketi ya wasichana na kikundi cha maigizo. Alipofika miaka 21 akarudi Gold Coast, akaajiriwa na kampuni ya meli ya Elder Dempster kama karani wa taipu. Fikiria Accra ya miaka ya 1920, ofisi ya meli iliyojaa makarani wa kiume, na katikati yao msichana Mwafrika anagonga mashine kwa mshahara wake mwenyewe.

Nakunywa chai, naja na kipande cha pili.

Chapakazi

Naweka kambi hapa. Mkuu, usituache njiani kama nyuzi nyingine.

BintiUluguru

Sikuachi, Chapakazi.

Mwaka 1931 wakili mmoja kijana aliyekuwa amerudi kutoka London na udaktari wa falsafa, J. B. Danquah, alianzisha gazeti la kila siku pale Accra. Liliitwa West Africa Times, baadaye Times of West Africa. Ndani yake kulikuwa na safu ya kina mama, na mwandishi wake aliitwa Marjorie Mensah.

Huyo Marjorie hakuwepo. Alikuwa Mabel.

Mnajua ukurasa wa wanawake ulivyo hata leo: mapishi, namna ya kupanga chumba, namna ya kumtunza mume. Marjorie aliandika mavazi, ndiyo, na aliandika ndoa na dansi za Jumamosi. Lakini msomaji akishatulia na habari za gauni, anakuta ameingizwa kwenye swali lingine: kwa nini mzazi auze kiwanja amsomeshe wa kiume, na wa kike aambiwe asubiri posa? Kwa nini mwanamume msomi anataka mke msomi wa kuonyesha kwa wageni, halafu wageni wakiondoka hataki aseme kitu? Aliwasema wanaume, aliwasema wanawake wenzake waliojiridhisha na kuwa pambo, na aliwasema maofisa wa Kiingereza kwa kiburi chao. Yote hayo kwenye safu ambayo ofisa wa serikali akiliona gazeti anairuka, maana ni mambo ya wanawake.

Hiyo ndiyo akili ninayoipenda kwake. Alipewa kona, akaigeuza ukumbi.

Barua zikaanza kumiminika. Na ubishi mkubwa wa wasomaji ulikuwa huu: Marjorie Mensah ni mwanamke kweli? Wapo walioapa kwamba ni mwanamume. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanamke hawezi kuandika hivyo. Anajua mno, anachoma mno, Kiingereza chake kimenyooka mno. Mwaka 1933 maandishi ya Marjorie yalikusanywa yakachapishwa London kama kitabu, na aliyeandikwa kuwa mhariri ni mwanamume. Baadaye mgogoro wa nani hasa mwenye Marjorie Mensah ukafika mahakamani, mwanamume akidai jina ni lake.

Someni tena hapo. Mwanamume alikwenda mahakamani kudai kwamba yeye ndiye mwanamke wa gazetini.

Mama Wawili

Dada, nimesoma hicho kipande cha mwisho nimekaa kimya kwanza.

Mimi si mwandishi, ni mama wa nyumbani na nina genge langu. Lakini miaka ya tisini nilikuwa mpenzi wa kurasa za barua za wasomaji. Niliandika barua nyingi: kuhusu mabasi ya wanafunzi, kuhusu zahanati isiyo na dawa, kuhusu mtaa wetu kukosa taa. Nilikuwa nanunua karatasi za mistari dukani, naandika usiku watoto wakilala, kwa kalamu ya wino wa bluu, naandika upya ikiwa na kosa. Stempu naibana kwenye pindo la khanga isipotee.

Barua tatu za kwanza nilizituma kwa jina langu. Hazikutoka. Ya nne nikaweka jina la kaka yangu. Ikatoka wiki iliyofuata. Sisemi mhariri alikuwa na nia mbaya, huenda ilikuwa bahati tu. Lakini tangu hapo nikaandika kwa jina la kaka mpaka nilipoacha. Watu mtaani wakawa wanampongeza, "bwana, barua yako ilikuwa na maana." Naye anacheka, anasema asante.

Nimekuwa naona ni jambo dogo langu. Kumbe kuna mwenzangu Accra.

BintiUluguru

Mama Wawili, shikamoo. Hicho si kidogo hata kidogo. Naomba ukipata nafasi utuandikie uzi wake peke yake.

Tuendelee. Mwaka huo huo wa 1933 Mabel aliolewa na Danquah, mwenye gazeti. Wakapata mtoto mmoja wa kiume. Mwaka uliofuata Danquah akasafiri kwenda London na ujumbe wa kupinga sheria mbili za wakoloni, moja ya kodi ya maji na nyingine ya uchochezi. Ujumbe ukarudi, yeye akabaki huko mpaka 1936. Ndoa changa, mtoto mchanga, mume yuko ng'ambo. Hawakuweza kurudiana vizuri tena, na katikati ya miaka ya 1940 wakaachana kisheria.

Lakini kabla hatujafika huko, kuna kazi moja ya mwaka 1934 ambayo ningependa kila binti anayetaka kuandika aijue. George Bernard Shaw, mwandishi wa Ireland aliyekwisha kupata tuzo ya Nobel, alikuwa ametoa hadithi ya msichana mweusi anayezunguka porini na rungu akimtafuta Mungu. Ulaya yote ilikuwa inaizungumzia. Msichana mweusi wa Shaw yupo pale ili mzungu aseme anachotaka kuhusu dini ya wazungu wenzake. Mabel Dove akaisoma akiwa Accra. Akaandika yake, ikatoka gazetini kwa mfululizo: msichana mweusi anamtafuta Bwana Shaw.

Yaani alimchukua msichana yule kutoka mkono wa mwenye hadithi, akamvalisha akili yake mwenyewe, akamtuma amtafute aliyemtunga ili amhoji. Sijui mkoloni gani alitegemea jibu la namna hiyo litoke kwa karani wa taipu wa Gold Coast. Mimi niliposikia habari ya jibu hilo mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba.

Mzee wa Magazeti

BintiUluguru, uzi mzuri na nakupongeza. Niliwahi kusoma mambo ya Afrika Magharibi enzi za masomo, kwa hiyo niruhusu nikuwekee jiwe njiani.

Mabel Dove alikuwa mtoto wa tabaka la juu. Baba wakili, shule za Uingereza, mume daktari wa falsafa, Kiingereza cha bwenini. Alikuwa akiwaandikia wasomi wachache wa pwani waliojua Kiingereza. Mwanamke muuza samaki pale Accra hakuwa na habari na Marjorie Mensah. Tusimfanye msemaji wa wanawake wote wa Afrika. Na hilo la kuandika kwa majina ya kubuni, magazeti ya Gold Coast wakati ule yalijaa majina ya kubuni, hata wanaume waliyatumia. Ilikuwa desturi ya kazi, na kinga dhidi ya serikali. Si lazima kila jina liwe machozi ya mwanamke.

BintiUluguru

Mzee, shikamoo, na jiwe lako nalipokea kwa mikono miwili kwa sababu lina ukweli.

Ni kweli alizaliwa juu. Shule aliyosoma, binti wa muuza samaki asingeiota. Na katika maandishi yake ya mwanzo utaona usebule wa kizungu wa hapa na pale, ana maneno ya kutaka wanawake "wastaarabike" ambayo leo yanakera kusoma. Silifichi hilo.

Na ni kweli kuhusu majina. Wanaume waliyatumia, hasa baada ya sheria ya uchochezi ya 1934. Tazama African Morning Post, gazeti lingine la Accra, lililohaririwa na Nnamdi Azikiwe, huyu huyu aliyekuja kuwa rais wa Nigeria. Mwaka 1936 lilichapisha makala ya Wallace-Johnson, mwanaharakati wa Sierra Leone, iliyouliza kama Mwafrika ana Mungu. Wote wawili wakaburutwa mahakamani kwa uchochezi. Azikiwe akahukumiwa, akashinda kwenye rufaa. Basi gazeti hilo hilo, miaka hiyo hiyo, Mabel alikuwa akiliandikia kwa jina la Dama Dumas. Hakwenda kujificha mahali salama.

Lakini Mzee, kuna tofauti moja ninayoomba uipime. Mwanamume akijificha nyuma ya jina, watu wanabishana ni mwanamume yupi. Mabel akijificha, watu wanabishana kama yupo mwanamke wa namna hiyo duniani. Jina la kubuni lilimlinda mwanamume asikamatwe, na lilimlinda Mabel pia. Ila yeye lilimtoza ushuru wa ziada.

Haya majina yenyewe, nimeyapanga mezani nikayaangalia:

Marjorie Mensah, Times of West Africa, kuanzia 1931. Jina la kwanza la Kiingereza kabisa, la pili la kwao.

Dama Dumas, African Morning Post, 1935 hadi 1940. Huwa nawaza alimkumbuka yule mwandishi mkubwa wa Ufaransa, Dumas, ambaye bibi yake alikuwa mtumwa mweusi wa Haiti. Hayo ni mawazo yangu, msiyachukue kama habari.

Ebun Alakija, Daily Times ya Lagos, 1936 na 1937. Hapo amekuwa Myoruba ili aongee na Wayoruba.

Akosua Dzatsui, Accra Evening News, miaka ya 1950. Akosua ni jina la mtoto wa kike aliyezaliwa Jumapili. Marjorie hayupo tena.

Miaka ishirini, kutoka Marjorie hadi Akosua. Mwanamke yule yule, mashine ya taipu ile ile, lakini anakaribia nyumbani jina kwa jina. Huo usebule niliousema, Mzee, nadhani na wenyewe ulikuwa unamtoka kidogo kidogo.

Msomaji wa Tanga

Naomba nichomekee hapo kwenye majina maana mmenigusa. Sisi tunaye Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa. Alipokuwa msanii mkubwa ndipo akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati huo Mabel ni karani Accra. Wasiosoma gazeti waliupata ujumbe kwenye nyimbo zake, pamoja na habari za mahakamani na za wanaume waliowadhulumu wanawake. Ndiyo maana waandishi wanawake wa Tanzania walipounda TAMWA mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Walijua wanamfuata nani.

Kwa hiyo yule muuza samaki wa Mzee wa Magazeti, huku kwetu alikuwa na gazeti lake, ila lilikuwa la santuri.

Mzee wa Magazeti

Marahaba wote. Nimeelewa, na Msomaji wa Tanga amenifunga goli zuri. Endelea, binti. Nataka kusikia unavyosema kuhusu Nkrumah.

BintiUluguru

Nakuja huko huko.

Kabla ya siasa niwape kitu kimoja cha kufurahisha moyo. Mabel aliandika pia hadithi fupi. Iliyosafiri mbali kuliko zote inahusu mfalme mmoja mzee mwenye wake arobaini. Yuko kwenye sherehe ya kuadhimisha miaka yake ya utawala, amekaa kwenye machela chini ya mwavuli, ngoma zinalia. Anamwona msichana anacheza mbele yake, moyo unamruka. Anamtuma mtu ampeleleze, anatoa mahari, analetewa msichana usiku. Na hapo anaambiwa taratibu: bwana, mimi ni mke wako, ulinioa miaka miwili iliyopita.

Hadithi ina kurasa chache tu. Hakuna hotuba dhidi ya ndoa za wake wengi, hakuna anayelia. Mwanamke amenunuliwa mara mbili na mnunuzi hakumkumbuka sura. Hadithi hiyo iliingia kwenye mkusanyiko wa maandishi ya Waafrika alioutoa mshairi mweusi Langston Hughes Marekani mwaka 1960.

Sasa siasa. Danquah, mume wake wa zamani, alikuwa miongoni mwa viongozi wa UGCC, chama cha mawakili na wafanyabiashara wakubwa. Wao ndio waliomwita Kwame Nkrumah arudi nyumbani mwaka 1947 awe katibu wao. Nkrumah akarudi, akaona mwendo wao ni wa kobe. Mwaka 1948 akaanzisha gazeti lake, Accra Evening News. Mwaka 1949 akajitenga akaunda CPP, chama cha vijana, makarani wadogo, madereva, na wanawake wa sokoni. Yule muuza samaki wako, Mzee, alikuwa CPP. Soko la Accra ndilo lililokilisha chama kile.

Na Mabel Dove, binti wa wakili, aliyesoma bwenini Uingereza, aliyekuwa mke wa Danquah, alikwenda upande wa soko.

Akawa anaandika Evening News kwa jina la Akosua Dzatsui, moto mtupu, akidai uhuru sasa hivi. Januari 1950 Nkrumah aliitisha mgomo na maandamano, akatiwa ndani gerezani James Fort. Februari 1951 akashinda kiti cha Accra akiwa mfungwa, Waingereza wakalazimika kumtoa gerezani aende kuunda serikali. Mwaka huo huo Mabel akapewa uhariri wa Evening News. Alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza barani kuketi kwenye kiti cha mhariri wa gazeti la kila siku.

Alikaa miezi mitano. Nkrumah akamwondoa. Hawakukubaliana namna ya kuliendesha gazeti.

Chapakazi

Miezi mitano tu? Na yeye akafanya nini, akahamia upinzani?

BintiUluguru

Hakuhama. Na hapa ndipo watu wanapogawanyika juu yake, hata mimi nimebadilisha mawazo mara mbili.

Zamani nilikuwa naumia: mhariri anafukuzwa na mwanasiasa, halafu anabaki kukitumikia chama cha mwanasiasa yule. Aliyewahi kukaa chumba cha habari anajua uchungu wa kunyang'anywa kurasa. Unafika asubuhi unakuta mwingine amekalia kiti chako, chai yako ya jana bado iko mezani. Nilimwona ameinama.

Sasa namwona tofauti kidogo. Evening News lilikuwa gazeti la chama, Mabel alilijua hilo tangu mwanzo. Alichokuwa anapigania kilikuwa kikubwa kuliko kiti kile: nchi kuwa huru, na wanawake kuwa ndani ya nchi hiyo na sauti yao. Alikosana na mwenye gazeti juu ya kazi, hakukosana naye juu ya uhuru. Mwaka 1952 tayari alikuwa akiandika Daily Graphic. Kalamu haikulala.

Halafu ikaja 1954. Uchaguzi wa kwanza Gold Coast nzima ambao kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, alipiga kura moja kwa moja. Nkrumah huyo huyo aliyemtoa kwenye uhariri akamuunga mkono agombee jimbo la Ga Rural, vijiji vya Waga kandokando ya Accra. Si jimbo la wasomi hilo. Ni wakulima, wavuvi, na wanawake wa sokoni. Wengi hawakuwahi kusoma Marjorie wala Akosua, walitafuta alama ya jogoo mwekundu wa CPP. Lakini mgombea alisimama mbele yao kwa jina lake. Ile tarehe 15 Juni 1954, hakugombea Marjorie, wala Dama, wala Ebun, wala Akosua. Aligombea Mabel Dove.

Akashinda. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Gold Coast. CPP ikazoa zaidi ya viti 70 kati ya 104.

Na katika uchaguzi ule ule Danquah aligombea kwao Akim Abuakwa. Akashindwa, na aliyemshinda ni mtoto wa ndugu yake mwenyewe. Sina furaha na kushindwa kwake, alikuwa mzalendo mkubwa na alikuja kufia gerezani Nsawam mwaka 1965, jambo ambalo ni doa kwenye utawala wa Nkrumah. Nasema tu kwamba mwanamke aliyekuwa akiandika safu ya kina mama kwenye gazeti la mumewe aliingia mjengoni, na mwenye gazeti akabaki nje.

Kwa wanaopenda kulinganisha tarehe: TANU yetu ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, wiki tatu baada ya kura hizo.

Kijana wa Buguruni

Samahani wakubwa, mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari mwaka wa pili. Katika historia ya magazeti ya Afrika tumesoma Azikiwe, tumesoma Nkrumah na Evening News. Huyu mama hajatajwa hata mara moja. Imekuwaje?

BintiUluguru

Mdogo wangu, umeuliza kitu ambacho kinanikosesha usingizi.

Sababu moja ni hayo majina manne. Mtafiti akifungua magazeti ya zamani anaona Marjorie, Dama, Ebun, Akosua. Anahesabu watu wanne wadogo, haoni mtu mmoja mkubwa. Azikiwe ni Azikiwe kila ukurasa.

Sababu ya pili, aliandika gazetini. Kitabu kinakaa kabatini, gazeti linafungia samaki kesho yake. Maandishi yake yalikuja kukusanywa kwenye kitabu kwa jina lake mwaka 2004. Alikuwa amekufa miaka ishirini nyuma.

Na sababu ya tatu ni macho. Mwaka 1972 Mabel Dove alipofuka. Mtu aliyeishi kwa taipu na karatasi alikaa miaka kumi na miwili gizani mpaka alipofariki mwaka 1984. Ghana imeshapata uhuru, imeshaona mapinduzi baada ya mapinduzi, na yule aliyekuwa akiwajibu maofisa wa kikoloni kila siku hawezi kusoma gazeti la asubuhi. Nikifika hapo huwa naacha kusoma kidogo, natoka nje.

Kama chuoni mnapewa kazi ya kuchagua mwandishi mmoja wa kumfanyia utafiti, mchague huyu. Na usiishie Ghana. Nenda maktaba na hifadhi za nyaraka, fungua magazeti yetu ya zamani ya Kiswahili, tafuta kurasa za kina mama, uangalie majina. Kuna watu pale.

Mama Wawili

Nimeongea na kaka simu jioni hii. Anasema alizikata zile barua akazibandika kwenye daftari, zote zilizotoka, ziko kumi na moja. Amelihifadhi miaka yote. Anasema alikuwa anasubiri niliulize. Nitalifuata Jumapili.

Chapakazi

BintiUluguru, na ile habari yako ya visima? Nakala unayo?

BintiUluguru

Yangu ilipotea wakati wa kuhama nyumba. Ya mama ipo. Ameitandika kabatini chini ya vikombe vya wageni, ukurasa wa mbele ukiangalia juu. Pale palipoandikwa Na Mwandishi Wetu amepiga mstari kwa kalamu ya bluu, na pembeni, kwa zile herufi kubwa za elimu ya watu wazima zinazopanda na kushuka, ameandika jina langu na la baba yangu.

Mama Wawili, Jumapili ukilipata hilo daftari, tuwekee hapa barua ya kwanza. Kwa jina lako.